Msichana aliyeyajua masharti kabla ya kukubali

Katika katuni nyingi za Kijapani zinazohusu wasichana wa miujiza, shujaa hupata nguvu zake kabla kipindi cha kwanza hakijaisha. Hukabidhiwa fimbo au johari, mavazi yake yakabadilika huku muziki umepamba moto, akamshinda adui wa kwanza, na watazamaji wakaanza kuhesabu siku za kungoja wiki ijayo. Puella Magi Madoka Magica, iliyoanza kuonyeshwa katika televisheni za Japani Januari 2011, ina vipindi 12. Mhusika wake mkuu, Madoka Kaname, mwanafunzi wa miaka 14, hafungi mkataba wa kupata nguvu hizo hadi kipindi cha 12. Katika vipindi 11 vya mwanzo anasita, anashawishika, anazuiwa, anauliza, analia na kusikiliza.

Kwa sababu hiyo wapo wanaomlaumu Madoka kuwa ni shujaa asiyetenda. Wapo pia, tena wengi zaidi, wanaoisifu tamthilia hii kwa ukatili wake: vifo vya ghafla, majonzi yasiyo na kituo, matumaini yanayogeuka sumu. Mwandishi wa makala haya, ambaye hajaona katuni ya aina hii anayoipenda kuliko hii, anatofautiana na pande zote mbili. Kusita kwa Madoka ndicho kisa chenyewe. Na giza lote lililomzunguka linatumikia swali moja zito: mtoto akikubali jambo huku amefichwa nusu ya masharti, je, amekubali kweli?

Swali hilo lilikuwa limelala ndani ya fani hii kwa miongo mingi. Mahotsukai Sally ya kampuni ya Toei ilianza mwaka 1966, ikafuatwa na Himitsu no Akko-chan mwaka 1969. Sailor Moon ilikuja 1992, Cardcaptor Sakura 1998, na Pretty Cure 2004. Kadiri fani ilivyokua, msichana wa miujiza alizoeleka kuwa na mwenzi wake: mnyama mdogo wa kupendeza, anayezungumza, anayemweleza wajibu wake. Usagi wa Sailor Moon ana paka Luna. Sakura ana Kerberos, mlinzi mwenye umbo la mwanasesere. Hakuna aliyekuwa akiuliza mnyama huyo anafaidika nini. Watazamaji walimwamini kwa sababu fani yenyewe ilimwamini.

Katika Madoka Magica mnyama huyo anaitwa Kyubey. Ni mweupe, ana mkia mnene, macho mekundu na sauti ya kitoto isiyopanda wala kushuka. Anachokiahidi ni kikubwa mno: ombi moja lolote litatimizwa, na kwa malipo msichana atapambana na wachawi wanaowatia watu huzuni na kuwasukuma kujiua. Ombi kwa kazi. Kwa jinsi anavyolieleza, ni mapatano ya haki kabisa.

Waliotengeneza tamthilia hii waliwafanyia watazamaji jambo lilelile. Studio ya Shaft na mwongozaji Akiyuki Shinbo walimpa kazi ya kuchora wahusika Ume Aoki, msanii aliyefahamika kwa Hidamari Sketch, kisa chepesi cha wanafunzi wa sanaa wanaoishi nyumba moja. Nyuso za duara, mashavu ya waridi, mavazi yenye rangi za peremende: kila kilichoonekana katika matangazo ya awali kiliahidi burudani tulivu. Aliyeandika mswada, hata hivyo, alikuwa Gen Urobuchi, mwandishi wa michezo ya kompyuta na riwaya ambaye wasomaji wake walimjua kwa visa visivyomhurumia mtu. Muziki ulitungwa na Yuki Kajiura, ambaye nyimbo zake zina kwaya nzito na vinanda vya majonzi. Dalili zilikuwepo kwa aliyejua pa kutazama.

Kipindi cha tatu ndicho kilichovunja ahadi hiyo. Mami Tomoe, msichana mzoefu anayewafundisha Madoka na rafiki yake Sayaka Miki, anaingia vitani akiwa na furaha kubwa, kwani Madoka amekubali kuwa mwenzake na upweke wake umekwisha. Muziki ni wa shangwe. Dakika chache baadaye mchawi anafungua kinywa na kumkata kichwa. Tukio hilo limejadiliwa sana, lakini jambo moja dogo lililotangulia hutajwa kwa nadra. Kabla ya pambano, Homura Akemi, msichana mwenye mambo ya siri, alimfuata Mami na kumwonya kwamba adui huyu si wa kawaida. Mami hakumwamini, akamfunga kwa riboni zake na kumwacha akining'inia. Mtu pekee aliyejua hatari alikuwepo, na alikuwa amefungwa.

Hapo ndipo tamthilia inapoanza kufichua masharti, moja baada ya jingine, kila moja likija baada ya mtu kuumia. Katika kipindi cha sita, Sayaka akiwa amekwisha kufunga mkataba, Madoka anakitupa kito chake cha nguvu kutoka juu ya daraja ili kuzuia ugomvi, na Sayaka anaanguka hana uhai. Kumbe kito kile ni roho yake, imetolewa mwilini siku ya mkataba, na mwili hauwezi kuendeshwa ukiwa mbali nacho kwa zaidi ya mita 100 hivi. Katika kipindi cha nane linakuja lililo baya zaidi: kito kikijaa giza la kukata tamaa, msichana mwenyewe hugeuka kuwa mchawi. Wale wanaowindwa waliwahi kuwa wawindaji. Wasichana wanapomkabili Kyubey, jibu lake ni kwamba hawakumuuliza.

Jibu hilo ndilo kiini cha uovu wake, nalo linatisha kwa sababu ni la kweli. Kyubey hupendelea kunyamaza kuliko kudanganya. Anajua swali ambalo msichana wa miaka 14 hawezi kulifikiria, kisha anamlaumu kwa kutoliuliza. Aliyewahi kukubali masharti marefu ya huduma fulani kwenye simu bila kuyasoma anaufahamu mtego huo, ingawa yeye hakupokonywa roho.

Ukiziangalia hali ambamo mikataba hii inafungwa, utaona Urobuchi alivyoipanga kwa makini. Mami aliombwa uamuzi akiwa anakata roho katika ajali ya gari; aliomba kuishi, kwani hakuwa na muda wa kutafakari jingine. Kyoko Sakura alikuwa binti wa mhubiri aliyetengwa na waumini wake, familia ikilala njaa. Aliomba watu wamsikilize baba yake. Baba alipogundua kwamba umati ulikuja kwa nguvu za miujiza, alimwita binti yake mchawi, akaiangamiza familia na kujiua, akamwacha Kyoko peke yake. Sayaka alimpenda Kyosuke Kamijo, mpiga fidla aliyeumia mkono kiasi cha madaktari kukata tamaa, naye aliomba mkono huo upone. Mmoja alikuwa kufani, mwingine katika njaa, mwingine katika mapenzi. Kyubey hawafuati watu waliokaa kitako na kutulia.

Habari ya Sayaka ndiyo inayomgusa zaidi mwandishi huyu. Mami, kabla hajafa, alikuwa amemuuliza kwa upole: je, unataka ndoto ya kijana huyo itimie, au unataka awe na deni kwako? Ni swali la hekima ambalo mtu mzima yeyote angejivunia kuliuliza. Sayaka aliapa kwamba hatadai chochote. Kisha Kyosuke akapona, akarudi shuleni, na rafiki mwingine, Hitomi, akamweleza Sayaka kwamba naye anampenda kijana huyo. Sayaka, aliyekwisha kujua kwamba mwili wake ni ganda tu, aliona hana haki ya kumwambia mtu anampenda. Usafi aliouapia ukageuka kamba shingoni mwake. Mami alitoa ushauri mzuri kadiri ya alichokijua. Balaa ni kwamba na yeye alikuwa amefichwa.

Yapo masharti yaliyoandikwa ukutani, tena kihalisi. Makazi ya wachawi yalibuniwa na kikundi cha sanaa kiitwacho Gekidan Inu Curry, kwa mtindo wa vipande vya karatasi, vitambaa, mikasi na picha zilizobandikwa juu ya nyingine, mtindo usiofanana hata kidogo na michoro laini ya Aoki. Ndani yake kuna maandishi ya alama zisizojulikana. Mashabiki walikaa wakazifumbua, wakagundua kwamba ni alfabeti iliyobuniwa kwa ajili ya tamthilia hii, na kwamba baadhi ya maneno yametoka katika Faust ya Goethe, kisa cha msomi anayeuza roho yake kwa Mephistopheles. Onyo lilikuwa mbele ya macho ya kila mtu tangu vipindi vya mwanzo, kwa hati isiyosomeka. Lakini Faust alikuwa mzee mwenye elimu na alimjua aliyekuwa anapatana naye. Wasichana wa mji wa Mitakihara hawakujua lolote kati ya hayo.

Ni haki kumsikiliza Kyubey pia, kwani tamthilia inampa nafasi ya kujitetea. Katika kipindi cha tisa anaeleza kwamba nishati ya ulimwengu inapungua, na jamii yake imegundua njia ya kuizalisha kutokana na hisia za binadamu, hasa pale tumaini la msichana linapoporomoka na kuwa kukata tamaa. Anahesabu: binadamu ni bilioni 6.9, nao huongezeka kwa watu kumi kila sekunde nne. Kwa nini kifo cha mmoja kizue kelele? Katika kipindi cha 11 anaongeza kwamba bila mikataba hiyo binadamu wangekuwa bado wanaishi mapangoni, na anafananisha uhusiano huo na ule wa watu na mifugo wanaowalisha.

Hoja hiyo ina mashiko ya hesabu, na ndiyo maana watazamaji wengine huitetea. Mwandishi huyu anaikataa, na tamthilia yenyewe inatoa sababu. Mtu mwenye hoja njema huanza nayo. Kyubey aliileta mwisho, baada ya mikataba kufungwa. Tena Kyoko alipomuuliza kama Sayaka, aliyekwisha kuwa mchawi, angeweza kurudishwa, alimwachia tumaini. Kyoko akaenda, akafa pamoja na Sayaka. Baadaye Kyubey anakiri kwa Homura kwamba haikuwezekana kamwe, na kwamba kwa kifo cha Kyoko, Madoka sasa hana njia ila kukubali. Huyo hatafuti manufaa ya ulimwengu peke yake. Anaandaa mazingira ambamo jibu la hapana haliwezekani.

Je, basi dawa ni kuusema ukweli? Kipindi cha kumi, kinachorudi nyuma na kumwonyesha Homura akirudia mwezi uleule tena na tena ili kumwokoa Madoka, kinajibu kwa uchungu. Katika mkondo mmoja wa wakati Homura anawaeleza wenzake kila kitu. Sayaka anamshuku kuwa mchonganishi. Ukweli unapothibitika, Mami anavunjika: ikiwa vito vyao vitazaa wachawi, basi wote lazima wafe. Anamuua Kyoko na kumgeukia Homura, na Madoka, ambaye katika mkondo huo alikwisha kufunga mkataba, analazimika kumuua Mami. Ukweli uliotupwa kwa ghafla juu ya watu wasio na pa kushika uliua haraka kuliko uongo.

Baada ya hapo Homura naye anaacha kusema. Anakuwa baridi, anatoa vitisho nusunusu, anampiga Kyubey risasi. Anamficha Madoka mambo kwa nia njema kabisa, na matokeo yake ni kwamba hakuna anayemwelewa. Ikumbukwe alichoombwa. Katika mkondo uleule, wakiwa wamelala kwenye maji na vifusi baada ya vita, Madoka alitumia mbegu yake ya mwisho ya kuondolea giza kwenye vito kukisafisha kito cha Homura, akamwomba arudi nyuma amzuie yule Madoka wa awali asije akadanganywa na Kyubey. Safari yote ya Homura ni kutimiza neno hilo: rafiki yangu asikubali asichokijua.

Madoka, kwa hiyo, hakusita kwa sababu ya hekima ya kuzaliwa nayo. Mara mbili alikaribia kabisa kukubali, mara ya kwanza kwa ajili ya Mami, ya pili kwa ajili ya Sayaka. Walimshika watu. Homura alimshika kwa bunduki, na mama yake, Junko, alimshika kwa namna nyingine.

Junko Kaname ni mmoja wa wazazi bora katika fani hii, ambayo mara nyingi huwaondoa wazazi njiani. Ndiye anayekwenda ofisini huku mumewe akitunza nyumba na bustani. Katika kipindi cha 11, tufani imeikumba Mitakihara na watu wamekimbilia ukumbini, Madoka anataka kutoka nje. Mama anamfuata kwenye ngazi, anamzaba kofi, anamkumbusha kwamba maisha yake si yake peke yake. Halafu anamuuliza: una hakika hukosei, una hakika hakuna mtu anayekuendesha kwa uongo wake? Madoka anajibu kwamba ana hakika. Mama anamgeuza na kumsukuma mgongoni aende. Hajui binti yake anakwenda wapi. Lakini swali aliloliuliza ndilo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza Mami, Kyoko wala Sayaka kabla ya kukubali.

Watazamaji wa Japani walisubiri tukio hilo kwa muda mrefu kuliko ilivyopangwa. Kipindi cha kumi kilirushwa na kituo cha MBS cha Osaka usiku wa kuamkia Machi 11, 2011. Mchana wa siku hiyo tetemeko na tsunami viliipiga Tohoku, na vipindi viwili vya mwisho vikaahirishwa. Vilionyeshwa kwa pamoja usiku wa kuamkia Aprili 22, wakati nchi ilikuwa bado na maelfu ya watu katika kumbi za hifadhi. Mswada ulikuwa umeandikwa kabla ya msiba huo, na hakuna haki ya kuuita utabiri. Ila ni wazi kwamba kisa cha msichana anayekataa kukubali kwamba mateso ya wengine ni hesabu tu kilipokewa na watu waliokuwa na sababu ya kukisikiliza. Mwaka huohuo kilipewa Tuzo Kuu ya kitengo cha uhuishaji katika Tamasha la Sanaa za Vyombo vya Habari la Japani.

Katika kipindi cha mwisho Madoka anamwita Kyubey na kuomba: wachawi wote, wa ulimwengu wote, wa zamani na wa baadaye, wafutwe kwa mikono yake kabla hawajazaliwa. Kyubey, kwa mara ya kwanza, anashtuka. Kisha, katika nafasi isiyo na wakati, Mami anamketisha mezani kwa chai na kumsomea gharama: hutakufa tu, hutakuwepo, hakuna atakayekukumbuka, utapigana milele. Kyoko naye yupo. Masharti yanasemwa yote, kwa sauti, na mtu aliyeumizwa nayo, kabla ombi halijakamilika. Ndipo Madoka anaposema ndiyo.

Tena hafuti maombi ya wenzake. Angeweza kumrudishia Sayaka uhai kwa kuufuta uponyaji wa Kyosuke, lakini anamchukua rafiki yake ukumbini amsikie kijana akipiga fidla, na Sayaka anakubali kwamba ndicho alichokitaka. Madoka anachokiondoa ni adhabu iliyofichwa tu. Huo ni utetezi wa tumaini uliofikiriwa kuliko wowote ambao mwandishi huyu ameuona katika katuni, kwa sababu hauwaambii wasichana kwamba walikosea kutamani.

Tamthilia nyingi zilizofuata zilichukua kisu zikaacha meza ya chai. Magical Girl Raising Project ya 2016 inawapambanisha wasichana wauane mmoja mmoja; Magical Girl Site ya 2018 inarundika mateso juu ya mtoto anayeonewa shuleni na nyumbani. Zina mashabiki wake, na zina ufundi wake. Lakini mateso yasiyokuwa na swali nyuma yake huchosha haraka, na fani imelipa gharama ya kudhani kwamba Madoka Magica ilipendwa kwa sababu watoto walikufa ndani yake.

Waliolielewa swali vizuri ni watengenezaji wenyewe. Filamu ya Rebellion, iliyotoka Oktoba 2013 na kuingiza zaidi ya yen bilioni mbili nchini Japani, inamrudia Homura. Katika bustani ya maua anamsikia Madoka akisema kwamba asingeweza kuvumilia kutengana na wapendwa wake. Homura anayachukua maneno hayo kama ushahidi, na mwishoni anamng'oa Madoka kutoka kwenye nafasi yake ya kimungu na kumrudisha kuwa msichana wa kawaida. Ni upendo, bila shaka. Lakini Madoka aliyesema maneno yale alikuwa amepoteza kumbukumbu za uamuzi wake; alijibu swali ambalo hakujua limeulizwa. Homura aliyatumia kama Kyubey alivyozoea kutumia majibu ya watoto. Mashabiki waliokasirishwa na mwisho huo walikuwa na haki ya kukasirika, na filamu ilikuwa na haki ya kuwakasirisha.

Mwendelezo wake, Walpurgisnacht: Rising, ulitangazwa Aprili 2021, tamthilia ilipotimiza miaka kumi. Mazungumzo mengi juu yake yamehusu nani atamshinda nani, Homura au Madoka, shetani au mungu. Kwa mwandishi huyu jambo la kupimia ni dogo zaidi na gumu zaidi. Homura ameijenga dunia nzima kwa ajili ya rafiki ambaye hajui kwamba imejengwa. Anadaiwa kuketi naye, kumweleza yote tangu mwezi ule wa kwanza, kumrudishia kumbukumbu zake, kisha kumuuliza anataka nini na kulikubali jibu atakalopewa, hata likiwa la kuondoka.